Mama Kikohozi wa Msimbu na sauti ya mzee Kibwana

Saa mbili asubuhi, Stellamaris Wilbrod anaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa udongo, anavua ndala na kusogea mlangoni. Kabla ya kubisha hodi anasimama kidogo, kichwa amekiinamisha. Anasikiliza.

Ndani kuna mtu anakohoa. Kikohozi kizito cha kuvuta, kisha kimya, kisha kingine.

"Hicho kina makohozi," anamnong'oneza mwandishi wa makala haya. Halafu anapaza sauti: "Hodi wenyewe! Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Mama Kikohozi, umeamka salama?"

Mwenye nyumba ni Bi Rukaya, miaka 78. Anacheka kwa kumwona mgeni wake, na kicheko chenyewe kinaishia kwenye kikohozi. Stellamaris anaketi mkekani bila kufungua begi. Kwanza maswali. Kimeanza lini? Kinazidi saa ngapi? Makohozi yana rangi gani, yana damu? Unatoka jasho ukilala? Nguo zako zinakulegea?

"Kimeanza na mvua," anajibu Bi Rukaya. "Kiangazi napikia nje. Mvua zikianza nahamia ndani, na kuni zenyewe mbichi."

Stellamaris anainuka, anaingia jikoni, anatoka akipangusa macho. Dirisha pekee la jiko limezibwa kwa gunia.

"Bibi, hili gunia kazi yake nini?"

"Linazuia mbuzi wa jirani."

"Basi leo huyo mbuzi tumtafutie dawa nyingine."

Nusu saa baadaye gunia limeondoka. Mahali pake pamefungwa fito zilizoachana kidogo, mbuzi asipite, moshi upite. Kuni zimehamishiwa chini ya upenu wa paa zikauke. Bi Rukaya ameshauriwa anywe maji ya vuguvugu yenye asali kulainisha koo, na amepewa karatasi ya kwenda nayo zahanati Alhamisi, kwa sababu kikohozi chake kimepita wiki mbili.

"Moshi nimeuona," anasema Stellamaris akipanda baiskeli. "Ya kifuani sijayaona. Lazima apimwe."

Hiyo ndiyo kazi yake. Stellamaris, mwenye umri wa miaka 46, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kata ya Msimbu, wilayani Kisarawe. Anahudumia kaya 214, na kwenye daftari lake lenye jalada la nailoni yamo majina ya wazee 93 waliotimiza miaka sitini. Hana mshahara. Hupata posho ya usafiri shilingi elfu ishirini kwa mwezi, nayo haiji kila mwezi. Kinachomweka mjini, kama anavyotania mwenyewe akiwa shamba, ni ekari moja na nusu ya muhogo.

Anafanya yote ambayo wenzake wanafanya: kuhimiza chanjo, kufuatilia wajawazito, kukagua vyoo. Lakini watu hawakumwita Mama Choo wala Mama Chanjo. Walimwita Mama Kikohozi, na jina hilo lina historia yake.

Alizaliwa Kibaha na kukulia mtaa wa Picha ya Ndege, hukohuko Kibaha, wakati eneo hilo bado lilikuwa na nyumba za kuhesabika. Stellamaris akiwa na miaka kumi na tisa, mama yake, Kristina, alikohoa kwa miezi kumi. Alinunuliwa dawa za maji za kila rangi. Akachemshiwa tangawizi, akapakwa mafuta kifuani, akaombewa. Alipopimwa makohozi, alikuwa amebaki mifupa na macho. Ilikuwa kifua kikuu.

"Miezi sita ya dawa, mama akanenepa mpaka akabadilisha nguo," anasimulia Stellamaris. "Mpaka leo yupo palepale Picha ya Ndege, anauza vitumbua, na akikukuta barabarani unakohoa atakushika mkono akupeleke hospitali mwenyewe. Mimi niliapa kwamba sitaona tena mzee anakohoa miezi kumi nikanyamaza."

Aliolewa na mwalimu Deus, na mumewe alipohamishiwa shule ya msingi huko Msimbu, wakahamia wote. Kijiji kilipotafuta mtu wa kujitolea kwenye afya, mkono wake ulikuwa wa kwanza kunyooka.

Kwa miaka saba alitimiza kiapo. Wagonjwa kumi na mmoja wa kifua kikuu aliowaibua walipona wote. Hapo ndipo, anakiri, alipoanza kujiamini kupita kiasi.

"Nilifika mahali kila kikohozi kwangu ni TB. Mtu akipaliwa na ugali, mimi natafuta kopo la makohozi."

Ndipo mwaka jana, mwezi wa nane, akakutana na kikohozi cha mzee Kibwana.

Mzee Kibwana, miaka 71, alikuwa muadhini wa msikiti wa kijiji kwa miaka thelathini na mitatu. Watu wa Msimbu wanakwambia walikuwa wanapanga siku yao kwa sauti yake. Akina mama walikuwa wakiinjika chungu kwa adhana ya alasiri, na wasio Waislamu waliitumia kujua saa ya watoto kutoka shule.

Kisha sauti ikaanza kukatika. Kikohozi kikavu, chembamba, kama unyoya umenasa kooni. Kilimjia katikati ya maneno, kwenye kipaza sauti, kijiji kizima kikisikia. Alijaribu kupunguza mwendo. Alijaribu kunywa asali kabla. Mwisho, kwa mdomo wake mwenyewe, aliomba kazi apewe mwingine.

"Niliketi safu ya nyuma," anasema mzee Kibwana, ambaye sasa anasimulia haya akiwa na tabasamu. "Mtu anaadhini mbele yangu, mimi nimeziba mdomo kwa leso. Nilijiona kama nimeshakufa ila wamesahau kunizika."

Stellamaris alipopata habari, hakupoteza muda. Alifika na makopo. Kikohozi cha miezi sita kwa mzee, yeye hakuwa na shaka. Mzee akahangaika kutoa makohozi ambayo hayakuwepo. Kipimo cha kwanza kikasema hana kifua kikuu. Stellamaris akaomba kirudiwe. Cha pili kikasema hana. Akaomba cha tatu, nacho kikasema hana, akamsindikiza mpaka wilayani kupigwa picha ya kifua. Picha ikatoka safi.

Lakini kijijini watu hawakuona majibu. Waliona makopo.

"Nilikwenda msibani," anasema mzee Kibwana. "Chai ikapita. Nikaona kikombe changu kimewekwa pembeni, kimeoshwa peke yake. Msikitini nikakuta kati yangu na mwenzangu pamebaki nafasi ya mtu mzima."

Mkewe, Bi Mwanaamina, hakuweza kuvumilia. Siku Stellamaris alipokwenda tena, alimkuta mama huyo amesimama katikati ya mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo usiingie, mwanangu. Umekuja na makopo yako mara tatu, umeondoka na heshima ya mume wangu. Na kikohozi umekiacha palepale."

Stellamaris anasema alisukuma baiskeli kwa miguu mpaka nyumbani, hakuweza hata kuipanda. Alimwambia mumewe kwamba kesho anarudisha daftari kwa mtendaji wa kijiji.

Mwalimu Deus alikuwa anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa. "Mimi nikikosea ubaoni nafuta, naandika upya," alimjibu. "Sijawahi kufunga shule."

Ijumaa iliyofuata, Stellamaris alikwenda kwa mzee Kibwana akiwa mikono mitupu. Aliomba radhi kwanza. Kisha akaomba jambo moja zaidi: ruhusa ya mzee kuyasema majibu yake mbele ya watu. Mzee alifikiri, akamtazama mkewe, akakubali.

Baada ya swala, wanaume wakiwa wamekaa kwenye baraza la duka lililo jirani na msikiti, alisimama mbele yao, na mzee Kibwana kando yake.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi ndiye niliyempima baba yetu huyu. Nilidhani ana kifua kikuu. Hana. Amepimwa mara tatu na picha amepigwa. Kosa la kudhani ni langu mimi, si la kifua chake."

Mwenye duka alikuwa amempa mzee Kibwana chai. Stellamaris akamwomba kikombe kile, akanywa mafunda mawili, akamrudishia. Naye mzee akamalizia.

"Tulikitazama kile kikombe," anakumbuka mwenye duka, Seif. "Halafu mzee mmoja akasema, 'Basi na mimi nimiminieni, mnanitazama nini?' Watu wakacheka. Nafasi ile ya msikitini ikaisha siku hiyohiyo."

Heshima ilirudi. Kikohozi hakikuondoka.

Wiki hiyo Stellamaris alirudi tena, na safari hii Bi Mwanaamina alimkaribisha kwa muhogo wa kuchemsha. Hakuja na jibu lolote. Aliketi akauliza maswali ambayo, kwa haraka yake ya mwanzo, hakuwa ameyauliza.

"Mama, kilianza lini hasa? Usinitajie mwezi. Niambie mlikuwa mnafanya nini."

Bi Mwanaamina alifikiri. Mzee alikuwa amekwenda kumtembelea binti yao, Naila, anayeishi Picha ya Ndege na kufanya biashara ya mitumba. Huko alipata kizunguzungu, Naila akampeleka kupimwa, akakutwa na presha ya kupanda. Akaanzishiwa dawa. Aliporudi nyumbani, kama wiki tatu hivi, ndipo kikaanza.

"Hakijawahi kuacha hata kidogo?"

"Kiliacha!" Bi Mwanaamina alisema. "Harusi ya mjukuu wetu, mwezi wa saba. Siku ile aliongea na wageni kutwa nzima hakukohoa. Mimi nilimpa asali ya nyuki wadogo, ndiyo iliyomsaidia. Nikamwagizia nyingine, lakini hii ya pili haikumfaa."

"Kabla ya harusi alikuwa anakunywa dawa gani nyingine?"

"Hakuna. Hata za presha zilikuwa zimekwisha. Naila alichelewa kuzituma, karibu mwezi mzima. Alizileta mwenyewe alipokuja harusini."

"Basi zilipokwisha dawa ndipo kikohozi kiliacha," alisema Stellamaris, "na ziliporudi, kikarudi." Aliomba aletewe kila dawa iliyomo ndani ya nyumba. Bi Mwanaamina akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa rambo, akaumimina mkekani. Chupa nne za dawa za kikohozi. Vidonge vya dozi iliyoachwa nusu. Mafuta ya habasoda. Chupa mbili za asali. Na katikati ya vyote, vidonge vidogo vyeupe vya presha, vinavyomezwa kila asubuhi bila kukosa.

"Kumbe hivi!" Mzee Kibwana alivinyakua na kunyanyuka kuelekea chooni. "Navitumbukiza sasa hivi!"

Stellamaris alimshika kanzu.

"Baba, usifanye hivyo! Kikohozi kinakusumbua kwa kelele. Presha haina kelele. Kwanza mimi nimeshawahi kudhani nikakosea. Endelea kumeza mpaka kesho tumwone daktari."

Mzee aliketi. "Huyu mtoto," alimwambia mkewe, "juzi alikuwa na hakika ya uongo. Leo ana ukweli mkononi, anataka kuuliza."

Kesho yake walikwenda watatu mpaka kituo cha afya, mfuko wa rambo mapajani mwa Bi Mwanaamina. Tabibu aliyewapokea, Yahya, alisikiliza habari ya Kibaha, ya harusi, na ya dawa zilizochelewa. Akampima presha, akakitazama kidonge, akatabasamu.

"Dawa hii ni nzuri, na wagonjwa wengi haiwafanyi lolote," anaeleza tabibu Yahya. "Aliyempa hakukosea. Lakini baadhi ya watu huwaletea kikohozi kikavu, na kinaweza kuanza wiki au miezi tangu waanze kuimeza. Ukiwapa dawa ya kikohozi haisaidii kitu. Tunachofanya ni kubadilisha dawa ya presha. Na mtu asiiache mwenyewe. Mama huyu alifanya jambo la maana sana kumzuia."

Mzee alibadilishiwa dawa siku ileile na kuambiwa awe na subira, kwani kikohozi cha namna hiyo huondoka polepole.

Wiki ya kwanza, hakuna mabadiliko. Ya pili, hakuna. Stellamaris alipita kila baada ya siku mbili kumpeleka kupimwa presha, na kila akipita alijibiwa kwa kikohozi kabla ya salamu. "Nilianza kuogopa kukata kona ya nyumba yao," anasema.

Wiki ya nne, mchana mmoja, Bi Mwanaamina alikuwa anachambua mchele barazani. Mzee alikuwa amejinyoosha ndani baada ya chakula. Kwa kawaida akilala chali ndipo kikohozi humshambulia zaidi. Siku hiyo ndani kulikuwa kimya.

"Nikasikiliza, kimya. Nikaita, 'Baba Naila!' Kimya. Nikatupa ungo, mchele wote chini, nikakimbilia ndani nikamshika pua," anasema Bi Mwanaamina, akicheka mpaka anafuta machozi kwa pembe ya kanga. "Akaamka na hasira! Ananiuliza, 'Mke wangu, unataka kuniua sasa hivi ndiyo nimepona?'"

Hakutangaza. Kwa siku kumi zaidi mzee Kibwana alijijaribu mwenyewe shambani, kwenye mikorosho, mahali ambapo hakuna wa kumsikia. Kisha akamwendea imamu.

Stellamaris alikuwa anapalilia muhogo wake alasiri ya siku hiyo. Kipaza sauti kikakoroma kidogo, kama kawaida yake, halafu ikaanza sauti ambayo kijiji hakikuwa kimeisikia kwa miezi.

"Niliacha jembe," anasema. "Nilikuwa napajua pale anapokatikiwaga. Nikangoja. Akapapita. Nikangoja pengine. Akapapita napo, tena akavuta, akavuta, nikasema huyu mzee sasa ananikomoa. Mimi Mkatoliki, Kiarabu sikijui, lakini siku ile nilisimama katikati ya muhogo mpaka akamaliza. Nikaona ng'ambo ya njia mama mmoja naye amesimama, ungo kichwani. Tukatazamana, tukaanza kupiga vigelegele kama tuko harusini."

Bi Mwanaamina alikuja jioni ileile na jogoo mkononi. Naila alipiga simu kutoka Kibaha akilia na kucheka kwa pamoja, akaomba radhi kwa dawa alizochelewa kutuma. Stellamaris alimjibu kwamba asiombe radhi hata kidogo. Bila kuchelewa kwake, mpaka leo wangekuwa wanabadilisha chupa za asali.

Tangu hapo namna yake ya kufanya kazi imebadilika. Kifua kikuu bado anakitafuta bila huruma, na mwaka huu ameshaibua wagonjwa wawili ambao wako kwenye dawa. Lakini makopo hayatangulii tena. Anakaa kwanza. Anatazama jiko, anatazama kitanda, anaomba kuonyeshwa kila kinachomezwa. Kwa mzee mmoja aligundua kwamba kikohozi huja kila akilala mara baada ya kula, akampeleka kwa tabibu, ikawa ni tindikali ya tumboni inayopanda kooni. Kwa mwingine alikuta unga wa mbao, maana mzee alikuwa bado anaranda vitanda ndani ya chumba anacholala.

"Kikohozi ni kama mtu anayebisha hodi," anasema. "Wewe unakimbilia kumfukuza. Mfungulie kwanza umuulize ametumwa na nani."

Sasa ana mpango, na anauzungumzia kama mtu anayeandaa sherehe. Ameuita Siku ya Mifuko. Jumamosi moja, wazee wote wa vitongoji vyake watakuja ofisi ya kijiji, kila mmoja na mfuko wenye dawa zake zote: za hospitali, za dukani, za mitishamba, alizonunua na alizogawiwa na jirani. Tabibu Yahya na mtaalamu mmoja wa dawa wamekubali kuja kuzipitia moja baada ya nyingine, na presha zitapimwa hapohapo. Akina mama wa jumuiya ya parokia watapika uji, vijana wa madrasa watapanga mikeka. Mhudumu mwenzake wa kata ya Chole, Recho, atakuja kutazama, ili naye aiandae kwao.

"Natarajia wazee sitini," anasema Stellamaris. "Wakija arobaini nitashukuru. Na nikiiona imekwenda vizuri, nataka iwe kila baada ya miezi minne, na siku moja niipeleke Picha ya Ndege, mama yangu akae mlangoni na vitumbua vyake."

Anazungumza haya akiwa kwenye ngazi ya ofisi ya kijiji, akihesabu mikeka kwa vidole, wakati mzee mmoja anapokaribia taratibu kwa fimbo, kikapu kimening'inia begani. Ni mzee Mwishehe, miaka 83, kutoka mwisho kabisa wa kitongoji cha pili.

"Shikamoo babu. Za nyumbani?"

"Marahaba. Nzuri. Wengine wako wapi?"

"Wengine gani, babu?"

"Si mmetangaza Jumamosi? Leo si Jumamosi?"

"Ni Jumamosi, babu. Ila tulisema Jumamosi ijayo."

Mzee Mwishehe anamtazama, anaitazama njia ndefu aliyotoka, anakishusha kikapu kwenye ngazi.

"Mimi hiyo ijayo siijui, mjukuu wangu. Mimi nimefika leo."

Stellamaris anacheka, anaingia ndani, anatoka na mkeka na kikombe cha maji. Anamsaidia kuketi. Mzee anaanza kutoa vitu kikapuni kimoja kimoja, akivipanga mstari kama mwenye duka.

"Hii ya mgongo. Hii ya macho. Hii nilipewa na marehemu kaka yangu. Na hii," anainua chupa isiyo na karatasi, anaitikisa karibu na sikio, "hii sijui ni ya nini, lakini ni tamu sana."

Stellamaris anafungua daftari ukurasa mpya.

"Basi babu," anasema, "tuanze na hiyo tamu."